Msimu Gunzi Aliporudi Dutwa

Alhamisi, 1 Mei

Miaka thelathini na tatu nimeandika maandalio ya somo kila jioni. Sasa nimestaafu na mkono unawasha. Winnie, binti yangu, kaninunulia daftari hili. Kaniambia, "Mama, andika chochote, mradi usisahihishe barua za majirani." Haya. Mimi ni Mwalimu Felisita wa Dutwa, mkulima wa pamba ekari tatu, na mke wa Gunzi.

Ndiyo, yule Gunzi. Watu wa umri wangu hutabasamu hata kabla sijamaliza kulitamka jina hilo. Jina lake la ubatizo ni Athanasi Maduhu, ila hakuna anayelitumia isipokuwa padri. Enzi za kanda za video nchi nzima ilimjua: mkulima wa Kisukuma mwenye kaptula na koti la suti, anayejiona mjanja kuliko karani wa mizani. Tangu ile kanda alipoimwagia pamba maji iongezeke uzito, akalala juu ya gunia asiibiwe, akaamka kaptula inachuruzika, mpaka leo hapa mtu akiloa mvua anaulizwa, "Umelala kwenye gunia?"

Vichekesho vyake vyote vilipita kwangu kwanza. Tulikuwa tunakaa kwenye turubai tukichambua pamba, safi huku, fifi, yaani yenye doa na takataka, kule, yeye anaigiza. Mimi nikicheka kweli sitoi sauti. Miguu inaisha nguvu tu: nikiwa nimesimama nakaa, nikiwa nimekaa nalala. Nikibaki wima, kichekesho kile alikuwa anakitupa.

Sasa yuko Dar tangu Februari. Anatengeneza filamu, ya kwanza baada ya miaka tisa. Hii hakuniletea. Dastan, kijana mtayarishaji wake, kamwambia siku hizi vichekesho havipimwi na mke, vinapimwa mtandaoni. Sijasema kitu. Nimeandika tu.

Jumamosi, 3 Mei

Vitumba vya upande wa bondeni vimeanza kupasuka. Jua kali.

Ijumaa, 9 Mei

Amepiga simu. Filamu imetoka, inaitwa "Gunzi Bilionea". Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya haraka haraka, maneno yanakanyagana. Miaka tisa sikuwa nimeisikia. Kumbe nilishaanza kuamini kuwa sauti ile imezeeka ikafa, nami nikazoea kuishi na mzee mpole anayekaa kwenye kigoda akisikiliza redio.

"Itazame, Mama Winnie, halafu uniambie. Usinifiche."

Nikasema sitakuficha.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa nimejifungia chumbani na simu niliyopewa na Winnie. Nimeitazama yote, saa moja na dakika arobaini.

Sijui nianzie wapi. Kavalishwa suruali iliyochanika magotini. Nywele zimepakwa rangi nyekundu, mume wangu wa miaka sitini na mbili! Anaanguka kwenye bwawa la kuogelea mara tatu. Mabinti wanamzaba vibao. Anatukana, yeye ambaye kanda zake zilionyeshwa hata ukumbi wa parokia na masista wakiwa mstari wa mbele. Na kila baada ya sentensi moja kuna kicheko kimebandikwa, cha watu wasioonekana, ha ha ha, kama vile mtazamaji ni mjinga asiyejua pa kucheka.

Kuna mahali pamoja tu, pafupi. Gunzi bilionea anaalikwa kwenye nyumba ya kifahari, sakafu inang'aa. Anavua viatu mlangoni kama tunavyofanya huku. Kuinua kichwa, anaona wenyeji wote wamevaa viatu. Anatafuta pa kuviweka vyake, hapaoni, basi anavibana kwapani na kusalimiana na watu huku viatu viko kwapani. Nikajikuta nimelala kwenye mkeka. Halafu likaja kofi jingine, na bwawa tena.

Saa kumi kapiga simu. "Enhe? Umecheka?"

Nimefundisha watoto miaka thelathini na tatu kwamba uongo ni dhambi. Nikasikia anavyopumua huko, anangoja. Nikasema, "Nimecheka, Baba Winnie. Nimecheka mpaka majirani wamesikia."

Mungu anisamehe.

Jumatatu, 12 Mei

Kuchuma. Mgongo.

Jumatano, 14 Mei

Kuchuma. Milembe amekuja kunisaidia. Ni jirani yangu na rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Kila nikitaka kumwambia nageuzia maneno kwenye wadudu wa pamba.

Jumamosi, 24 Mei

Amerudi. Kashuka kwenye basi na mabango mawili makubwa yamekunjwa, na zile nywele. Rangi imeanza kutoka, pembeni mvi, juu wekundu uliopauka. Wazee wa kituoni walisimama wakampa mkono mmoja mmoja, kwa salamu na shukrani za Kisukuma: "Mwangaluka, Gunzi! Wabeja kurudi!" Akawajibu kila mmoja kwa jina. Alikuwa na furaha, na mimi nilifurahi kumwona, nisidanganye daftari.

Kabla hajavua viatu akanipa habari. Amekodi ukumbi Somanda, mjini Bariadi, Jumamosi ya tarehe 14 Juni, saa kumi jioni. Ataonyesha filamu kwenye kitambaa kikubwa na Dutwa yote imealikwa bure.

"Nilikuwa nasita," akasema. "Dastan anasema huko mtandaoni watu wana midomo. Lakini wewe ulivyosema umecheka, nikasema basi. Mtandao unijulie wapi? Felisita akicheka, Bariadi yote itacheka."

Nikaenda jikoni kupika michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ambayo hakuna aliyeiomba.

Jumatatu, 2 Juni

Milembe ameiona kwenye simu ya mwanawe. Tumechuma mstari mzima hajasema neno, na Milembe kunyamaza ni kama jogoo kunyamaza. Mwishoni akasema, "Shoga, yule siyo Gunzi wetu. Wamemfanyia nini?"

"Mimi nilimwambia nimecheka."

Akaacha kuchuma. "Uliogopa nini? Atakupiga?"

"Angeacha kuongea kwa ile sauti."

"Basi mwambie leo. Aibu ya wawili chumbani ni nafuu kuliko aibu ya ukumbi."

Anasema kweli. Nimekuja nyumbani nimejipanga kama mkaguzi wa shule. Nikamkuta anashona kifungo cha koti lake la zamani la Gunzi, atakalovaa siku hiyo. Anashona vibaya. Nikamnyang'anya nikashona mimi. Ndivyo nilivyomwambia ukweli, kwa kushona kifungo. Upuuzi mtupu.

Ijumaa, 6 Juni

Upepo. Pamba inadondoka chini inashika vumbi. Sijamwambia.

Jumanne, 10 Juni

Sijamwambia.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nilianza. Nikasema, "Baba Winnie, ile filamu, kelele zimezidi kidogo." Akacheka, akasema, "Hata majirani walikuwa wanapiga kelele, ulisema mwenyewe!" Akaenda kunyoa ndevu. Nimejifunga kamba kwa mikono yangu.

Jumapili, 15 Juni

Jana sikuweza kuandika. Leo sikwenda misa.

Walikuja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Walikuja kwa baiskeli, kwa bodaboda, wengine kwenye lori la mkulima mmoja, akina mama na vitenge vyao vya sikukuu, wazee wamechana nywele kwa maji. Watu walioacha pamba shambani katikati ya msimu. Viti vikaisha wakakaa chini. Madirisha yalizibwa kwa mapazia, joto la kukaanga. Gunzi akatoka mbele na koti lake na kaptula, na kabla hajafungua mdomo ukumbi mzima ukacheka. Kicheko cha kumpokea mtu wa nyumbani. Aliinua mkono, akafuta macho, akakaa kando yangu mstari wa mbele. Akanishika kidole. Hatushikani vidole hadharani, sisi.

Filamu ikaanza. Dakika za kwanza walicheka kwa ajili yake. Alipoanguka bwawani mara ya kwanza wakacheka. Mara ya pili wachache. Mara ya tatu nilisikia mtu anakohoa. Lilipotoka tusi la kwanza, mama mmoja nyuma yangu alimfunika mwanawe masikio kwa kitenge. Ule ukumbi ukawa kimya, jamani, kimya ambacho sikuwahi kukisikia hata siku ya mtihani. Na juu ya kimya hicho kile kicheko cha kubandikwa kinaendelea peke yake, ha ha ha, ha ha ha.

Watu hawakuzomea. Wangezomea ingekuwa afadhali. Walianza kutoka, mmoja mmoja, wameinama wasizibe picha, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya baraka. Heshima ile ndiyo iliyoua.

Ndipo Mzee Mashimba akasimama. Huyu ni karani wa mizani kwenye chama chetu cha ushirika, mtu asiyejua kunong'ona. Hakuwa na ubaya, nina hakika. Akauliza kwa Kisukuma chake kizito, kwa sauti ya kuita magunia, "Sasa Gunzi yuko wapi humu?" Akaangalia kitambaa, akaangalia huku na huku, akauliza tena, "Gunzi wetu yuko wapi?"

Kidole changu kikaachiwa.

Nikaona lazima nifanye kitu. Na nilichofanya sitakisahau. Nikacheka. Nikacheka kwa sauti, ya juu, "Ha! Ha! Haaa!", huku nikipiga mapaja, peke yangu ndani ya ukumbi wote. Nilidhani wengine watafuata. Hakufuata mtu. Hata Milembe aliangalia miguu yake.

Athanasi akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua, taratibu, mstari kwa mstari, na nikamwona anafika mwisho.

Ile sehemu ya viatu ilipita bila mtu kuiona, nusu ya ukumbi wako mlangoni.

Tulipofika nyumbani akavua koti, akalikunja, akasema maneno haya tu: "Uliniambia majirani walisikia. Tangu lini ukicheka majirani wanasikia?"



Jumatatu, 16 Juni

Amenyoa kichwa chote. Ameamka alfajiri kwenda kuchuma. Peke yake.

Jumatano, 18 Juni

Anachuma. Anasema "asante" nikimpa chakula. Kama mgeni wa serikali.

Jumamosi, 21 Juni

Winnie kapiga simu kutoka Mwanza, analia. Kasema watu wanamtumia vipande vya filamu kumtania. Anataka baba yake afute kila kitu. Nikamwambia asimseme baba yake vibaya mbele yangu. Akasema, "Mama, mimi sijamsema vibaya, nimesema wamemtumia." Nikaomba radhi. Natafuta mtu wa kumgombeza, kumbe mwenye kosa ndiye anayeshika simu.

Jumatatu, 23 Juni

Nimemwambia samahani. Akasema, "Hamna shida." Hamna shida ni neno la kufungia mlango.

Ijumaa, 27 Juni

Leo gunia letu limerudishwa!

Miaka yote tangu nimeolewa, gunia la Maduhu halijawahi kurudishwa mizanini. Sisi tunachambua. Pamba nyeupe iliyoiva vizuri inaenda gunia lake, ile yenye doa, yenye majani, iliyodondoka, inaenda gunia la fifi. Mtoto wa miaka mitano wa hapa anajua. Leo Mzee Mashimba kaingiza mkono ndani ya gunia, katoa safi, kaingiza tena, katoa fifi, vumbi na majani. Wakulima wote wa foleni wanaangalia. Athanasi alikuwa anachuma yote pamoja, karibu wiki mbili, hachagui.

Nilingoja Mashimba apige kelele. Hakupiga. Alifunga lile gunia mwenyewe taratibu, kwa mikono yake mizee, akasema chini chini, mara ya kwanza maishani mwake kusema chini chini: "Gunzi, ndugu yangu. Siku ile mimi sikuwa nakutukana. Mimi nilikuwa nakutafuta."

Athanasi akaitikia kwa kichwa. Tukapakia gunia kwenye baiskeli tukarudi nalo.

Jumamosi, 28 Juni

Asubuhi nimetandika turubai uani, nikamwaga gunia lote, nikakaa. Sikumwita. Baada ya muda akaja, akakaa upande wa pili wa lundo. Tukaanza. Safi huku, fifi kule. Jua limepanda hadi usawa wa paa la banda la kuku nasi tunachambua tu.

Halafu, bila kuinua macho, akauliza, "Kuanguka bwawani?"

Nilielewa. Mkononi nilikuwa na kipande cha pamba, nikakitupa kwenye fifi.

"Mara zote tatu?"

Nikatupa vingine viwili.

"Nywele?"

Fifi.

"Yule binti kunizaba kibao?"

"Fifi. Na nilitaka nimzabe yeye."

Akaendelea, tukio kwa tukio, tangu mwanzo, hakuruka hata moja, na mimi sikumhurumia hata moja. Matusi, fifi. Ngoma ya mwisho na wale wasichana, fifi. Kicheko cha kubandika, nilichukua konzi nzima. Lundo la fifi likakua, la safi likabaki palepale. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Ile ya viatu," akasema.

Nikatafuta kipande cheupe kuliko vyote. Nikakiweka safi.

Akainua macho. "Dastan alitaka kuikata. Alisema haina kelele."

"Nilikuwa nimekaa," nikamwambia. "Nikalala."

"Kweli?"

"Kwenye mkeka. Na simu ikanidondokea usoni."

"Moja," akasema. "Filamu nzima, moja."

"Moja."

Ndipo akanisimulia. Siku ya kwanza ya kurekodi alifika mapema na koti lake la Gunzi. Kijana wa mlangoni akamwambia, mzee, wanaosubiri bosi wanakaa nje. Akakaa nje saa nzima kwenye jua, anaona haya kusema kuwa yeye ndiye wanayemsubiri. "Nilipoingia ndani, Mama Winnie, nilikuwa nimeshakubali. Wangesema nipake nywele bluu ningepaka. Niliogopa wakinirudisha nje sitaingia tena. Na nikaogopa kukuletea wewe, kwa sababu nilijua utabaki umekaa wima."

Na mimi nikamwambia langu. Kwamba nilidanganya kwa sababu ya sauti yake kwenye simu. Kwamba nilitaka sauti ile ikae, hata kama ni kwa wiki moja. "Nilikuchanganyia," nikasema. "Nilikutilia fifi kwenye gunia la safi, nikakuacha ulipeleke mizanini mwenyewe." Nikalia, na nikilia mimi natoa sauti, sana.

Akanipa kanga yangu nifute pua. "Usinifanyie hivyo tena," akasema. "Wengine wote wanaweza kunidanganya. Wewe ukinidanganya mimi nitapimwa wapi?"

Tumemaliza kuchambua saa nane. Sijawahi kuchambua pamba vizuri hivi.

Jumatatu, 30 Juni

Gunia limepokelewa. Mashimba kasema hivyo kwa sauti yake ya kawaida, yaani mpaka Bariadi wamesikia.

Jumatano, 16 Julai

Dastan kapiga simu, anataka sehemu ya pili. Anasema watu wanaitazama sana, hata kama wanaitukana wanaitazama. Athanasi akamjibu vizuri, kwa adabu, hakumlaumu. Akamwambia, "Kijana wangu, mimi kwangu kuna mizani. Nikiwa na mzigo nitakupigia." Kijana hakuelewa, na Athanasi hakumfafanulia.

Jumapili, 3 Agosti

Pamba imekwisha shambani. Baada ya misa wazee wawili walimwita "Gunzi," bila utani. Akavua kofia.

Siku hizi jioni ananifanyia vichekesho. Cha kwanza fifi. Cha pili fifi. Cha tatu alikiamini sana, nacho fifi, akanuna mpaka kesho yake.

Jumamosi, 30 Agosti

Leo tumeng'oa masalia ya pamba na kuyachoma, kama sheria inavyotaka, wadudu wasivuke msimu. Milembe alikuwepo. Mimi nilisimama na jembe nikiangalia moto usiruke kwenye majani ya jirani.

Athanasi alikuwa upande wa pili. Nikamwona anavua viatu, anavibana kwapani. Akaanza kutembea kati ya mistari ya majivu, taratibu, shingo mbele, na sikuhitaji kuambiwa: alikuwa Mzee Mashimba. Mwendo wake, mabega yake, lile jicho la kukagua. Akainua shina moja la pamba, akachungulia chini yake. "Gunzi yuko wapi humu?" Akachungulia ndani ya ndoo. Akamwomba Milembe asimame, akaangalia alipokuwa amekaa. "Gunzi wetu yuko wapi?" Milembe tayari anapiga mayowe. Mimi nikauma meno. Wima.

Akaona niko wima. Akasogea, akakaa juu ya jiwe, akakunja miguu kama mwanamke aliyekaa mstari wa mbele. Akarekebisha kanga isiyokuwepo. Akatazama mbele, uso umemwingia hofu. Kisha akafungua mdomo, "Ha! Ha! Haaa!", akipiga mapaja, huku jicho moja limefunguka pembeni kuangalia kama mume wake ameamini.

Ni mimi. Ni mimi mtupu, siku ile, na aibu yangu yote. Na hakukuwa na ubaya ndani yake hata chembe.

Akageuka, viatu bado kwapani. "Haya, Mwalimu. Safi au fifi?"

Nilikuwa nimeshakaa chini, kwenye majivu.